Marobota ya katani na madeli ya pweza: tagi ya RFID au sensa isiyo na betri?

Swali: "Nina ghala dogo hapa Chumbageni, Tanga. Nusu ya kazi yangu ni marobota ya katani kutoka mashamba ya Muheza na Korogwe. Yanakaa kwangu siku kadhaa, kisha yanaenda bandarini. Nusu nyingine ni pweza wa Kigombe na Moa, nawasafirisha kwenda Dar kwenye madeli ya barafu. Hesabu za marobota hazikubaliani: karani wa shamba ana idadi yake, wangu ana yake. Pweza nao kuna siku wanafika wameharibika na kila mtu anasema si yeye. Sasa amekuja muuzaji, ananiambia RFID imepitwa na wakati, nichukue sensa zinazojichaji zenyewe. Eti hazitaki betri maisha yote, na zinafaa kwa mizigo yote miwili. Bei yake si ndogo. Unanishauri nini?"

Jibu: Dada yangu, una matatizo mawili yasiyofanana, na huyo muuzaji anataka kuyatatua yote kwa kifaa kimoja. La marobota ni la utambulisho: lipi ni lipi, limeingia lini, limetoka lini, limepakiwa gari gani. La pweza ni la hali: wamepita kwenye joto gani, kuanzia saa ngapi, wakiwa mikononi mwa nani. Tagi ya RFID, yaani lebo yenye chipu inayosomwa kwa mawimbi ya redio, imetengenezwa kujibu la kwanza, sensa ya joto kujibu la pili. Zipo tagi zenye sensa ndani, nitazigusia, lakini kabla hujauliza kifaa kinafanya nini uliza kitapata wapi umeme, pale kilipo, saa ile unapokihitaji. Hapo ndipo naona hela zako zinaweza kupotea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza, RFID haijapitwa na wakati. Wazo lenyewe ni la zamani kweli: mwaka 1948 Harry Stockman aliandika kuhusu mawasiliano kwa kutumia nguvu iliyoakisiwa. Hata kabla yake, mwaka 1945, kinasa sauti alichobuni Leon Theremin kilifichwa ndani ya nembo ya mbao iliyotundikwa kwenye makazi ya balozi wa Marekani mjini Moscow. Hakikuwa na betri wala waya. Kilikuwa kinaamka pale tu kinapopigwa mawimbi ya redio kutoka nje, na kwa sababu hiyo kilikaa ukutani hadi 1952 ndipo kikagunduliwa. Tagi utakazonunua leo zinaishi kwa kanuni hiyohiyo. Kisomaji kinarusha mawimbi, tagi inachukua sehemu ndogo iamke, kisha inajibu kwa kuyarudisha mawimbi au kuyaacha, mfano wa mtu anayemwashiria mwenzake wa mbali kwa kioo juani: mwanga si wake, kazi yake ni kukigeuza kioo. Kwa hiyo tagi ya kawaida ya RFID nayo haina betri, na muuzaji akikuambia "isiyo na betri" kana kwamba ni jambo jipya, ujue anakuficha nusu ya habari.

RFID zenyewe ziko za aina tatu. Za masafa ya chini, kilohezi 125 hadi 134, ndizo zinazofungwa kwenye masikio ya ng'ombe. Zinasomwa kwa karibu sana lakini maji hayazisumbui. Za megahezi 13.56 ndizo familia ya NFC, zinasomwa na simu nyingi za leo kwa umbali wa sentimita chache. Za UHF, megahezi 860 hadi 960, zinasomwa kwa mita kadhaa, na kisomaji kimoja kinaweza kupitia mamia ya tagi kwa sekunde. Kwa kazi ya ghala, mtu akisema RFID huwa anamaanisha hizi za mwisho.

Sasa tuje kwenye umeme. Kwa kanuni za Ulaya kisomaji cha UHF kinaruhusiwa kurusha hadi wati 2. Mahali pa wazi, mita 10 kutoka hapo, tagi inaambulia makumi ya mikrowati tu, na mikrowati ni wati moja iliyogawanywa mara milioni. Chipu nzuri inaamka kwa mikrowati 10 au pungufu, ndiyo maana inawezekana. Lakini umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inabaki robo, na tagi ya namna hii ikikosa kisomaji karibu inakuwa imekufa kabisa. Haikumbuki joto la jana usiku, haijui kama iko Muheza au Mombasa. Inajibu ikiulizwa, basi.

Sensa ya kujichaji inajaribu kuziba pengo hilo kwa kuokota nishati pale ilipo. Njia ni nne: mwanga, mtikisiko, tofauti ya joto kati ya pande mbili, na mawimbi ya redio yanayopita hewani. Hakuna uchawi humo. Ndugu Pierre na Jacques Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa zinatoa umeme, na Thomas Seebeck alikuwa ameshaona mwaka 1821 kwamba metali mbili tofauti zilizounganishwa hutoa umeme ncha moja ikiwa na joto kuliko nyingine. Tatizo ni kiasi kinachopatikana.

Chukua kiseli cha jua ndani ya ghala lenye taa za kawaida. Kila sentimita ya mraba inatoa kama mikrowati 10. Weka sentimita 5 za mraba, una mikrowati 50, na taa zikiwaka usiku na mchana bila kuzimwa, kwa saa 24 umekusanya takriban jouli 4.3 za nishati. Sasa chukua betri ya kidonge, ile CR2032 inayouzwa madukani kwa bei ndogo tu. Ina volti 3 na miliampia-saa kama 220, yaani karibu jouli 2,400. Gawanya mwenyewe: kile kiseli kinahitaji mwaka mmoja na nusu kuokota kilichomo ndani ya kidonge kimoja. Mtu anayekupandishia bei kwa sababu ya "hakuna betri" anapaswa kukueleza kwa nini kidonge hakikufai. Sababu nzuri zipo, kwa mfano sensa iliyozikwa mahali ambapo huwezi kufungua kwa miaka kumi, au maelfu ya sensa ambazo hakuna mtu wa kuzungukia na kubadilisha betri. Madeli yako yanarudi ghalani kila safari. Wewe huna sababu hiyo.

Jouli 4.3 hizo zinatosha nini? Kutuma ujumbe mfupi wa Bluetooth ya nishati ndogo kunakula chini ya sehemu moja ya elfu ya jouli, kwa hiyo hapo unapata maelfu ya jumbe kwa siku, hesabu nzuri kabisa. Lakini ukitaka sensa ikuambie iko wapi kwa GPS na kukutumia habari kwa mtandao wa simu, GPS peke yake inaweza kuchukua nusu dakika kuzipata setilaiti, halafu modemu inarusha kwa mapigo mafupi yanayoweza kufika wati 2. Tukio moja la namna hiyo linaweza kumaliza mavuno ya siku nzima, na zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa kuna kifaa kidogo kinachokaa ndani ya boksi gizani, kinajichaji chenyewe, kinakuonyesha mahali kila dakika tano kwenye simu, usikinunue kabla hujakiona kikifanya kazi wiki nzima ghalani kwako.

Turudi kwenye marobota, kwa sababu hapa habari ni njema. Robota la katani lina kilo 250, manne ni tani moja, na kila moja lina daraja lake. Ukichanganya 3L na UG umeleta ugomvi na mnunuzi ambao idadi sahihi haitaumaliza. Nyuzi kavu za katani haziyazuii sana mawimbi ya UHF. Tagi ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imechomekwa chini ya kamba ya robota, itasomeka mita kadhaa. Tagi hizi ukiagiza kwa maelfu zinagharimu senti chache za dola kila moja, na hata zikipotea na robota kule linakokwenda hukuumia.

Wanaofunga kwa waya au mikanda ya chuma waangalie jambo moja: tagi isilale juu ya chuma. Chuma kinaharibu kazi ya antena, na tagi maalumu za kubandikwa juu ya chuma zipo lakini bei yake ni mara nyingi ya hizo za kawaida. Isogeze kando sentimita kadhaa na tatizo limekwisha. Pia kubalianeni na mashamba kwamba tagi zinakaa upande uleule wa robota, ule unaotazama njia likipangwa. Rundo la marobota matano kwenda juu na sita kwenda ndani halisomeki lote kwa kisomaji kilichosimama mbele. Ya katikati yatakupotea, utaletewa hesabu pungufu, na makuli watalaumiwa bure. Kwa hiyo soma robota linapopita mlangoni, likiwa peke yake au mawili, usingoje lipangwe.

Na hapo mlangoni kuna jambo linalowashinda wengi. Ghala lako nadhani ni la mabati, kama maghala mengi ya pale. Bati linaakisi mawimbi ya redio. Kisomaji ukikifungulia nguvu yote, mawimbi yanaruka ukutani, yanarudi, na mara unaambiwa robota lililokaa kona ya ndani tangu Jumatatu limetoka nje saa tano na dakika kumi. Hilo linapaswa kushughulikiwa siku ya kufunga mitambo. Punguza nguvu ya kisomaji mpaka kisome mlangoni tu, geuza antena zitazame chini kuelekea njia badala ya kutazama ndani ya ghala, na weka antena mbili, moja upande wa ndani na moja wa nje, ili ujue robota lilipita kuelekea wapi kwa kuangalia ni ipi iliyolisoma kwanza. Kisha usiku mmoja acha mlango umefungwa na kisomaji kinafanya kazi. Asubuhi daftari la kompyuta liwe tupu. Likiwa na jina hata moja, bado hujamaliza.

Kwa ukubwa wa kazi yako, hata hivyo, nisingeanza na kisomaji cha mlangoni. Anza na cha mkononi kimoja, karani atembee nacho pembeni ya gari wakati wa kupakua. Na kwenye kila tagi chapisha namba ileile kwa maandishi na kwa QR. Msimbo huo wa QR, uliobuniwa Japani na kampuni ya Denso Wave mwaka 1994, unasomwa na simu ya dereva bila gharama yoyote. Siku kisomaji kikiharibika, kazi haisimami. Tena nikuambie ukweli: kama marobota yako ni machache kiasi kwamba kila moja linaguswa na mtu mmoja mwaminifu, QR peke yake inaweza kukutosha mwaka wa kwanza. UHF inaanza kulipa pale unapotaka kuhesabu mzigo mzima kwa dakika chache, au pale lebo zinapochafuka vumbi na kamera ya simu haizioni.

Muhimu kuliko kifaa ni kusoma kila mahali mzigo unapobadilisha mikono. Kwako ni mahali patatu: unapopakiwa shambani, unapoingia na kutoka kwako, na kwenye geti la bandari. Zamani ungekuwa na pa nne, kwa sababu meli zilikuwa zinakaa mbali na mizigo inapelekwa kwa matishari. Tangu bandari ya Tanga ichimbwe kufikia kina cha mita 13 meli zinafunga gatini, na sehemu ya kupotezea hesabu imepungua. Lakini karani wa shamba asiposoma wakati wa kupakia, utakuwa umenunua mashine ya kukuonyesha hesabu yako tu, na ubishi utabaki palepale.

Unyevu wa pwani pia unaharibu katani, najua. Zipo chipu za UHF zinazopima unyevu bila betri, kwa kuangalia jinsi antena inavyobadilika maji yanapoikaribia. Ni kazi nzuri ya kihandisi na ningependa kuiona ikijaribiwa kwenye katani. Kwa sasa tumia dalili ya bure: maji yanameza mawimbi ya UHF, kwa hiyo robota lililokuwa likisomeka vizuri na leo halisomeki, kabla ya kulaumu tagi, lipapase.

Maji hayohayo ndiyo yanayotupeleka kwa pweza. Deli lililojaa barafu, maji ya chumvi na pweza ni mahali pabaya kabisa pa kuweka tagi ya UHF. Iweke nje ya deli, karibu na kifuniko, kama unataka kujua deli lipi ni lipi. Ndani haitasikika.

Sensa ya kujichaji ndani ya deli nayo itaokota nini? Mwanga hakuna, kifuniko kimefungwa. Mtikisiko upo gari likitembea, lakini gari likilala Segera kwa ubovu wa tairi mtikisiko unakwisha, na hizo ndizo saa unazotaka kuzijua kuliko zote: gari limesimama, jua linawaka, barafu inayeyuka. Tofauti ya joto ipo, nje nyuzi 30 na zaidi, ndani 0, na hapo muuzaji atakuambia umeme upo tele. Lakini ili kuipata hiyo tofauti lazima kifaa kipenye ukuta wa deli, upande mmoja ndani na mwingine nje, kwa kitu kinachopitisha joto. Utakuwa umetoboa kinga yako mwenyewe ili kukiendesha kipimajoto.

Chukua kirekodi cha joto chenye betri ya kawaida kinachosomwa kwa NFC au Bluetooth. Kinaandika joto kila dakika tano au kumi na kulihifadhi chenyewe, mtandao uwepo usiwepo. Mpokeaji Dar anakigusa kwa simu na safari yote inaonekana. Hakikisha kimethibitishwa kufanya kazi kwenye baridi na maji ya chumvi, kwa sababu betri za vidonge zinalegea kwenye baridi kali, na ukiwa unasafirisha waliogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri utahitaji betri ya aina nyingine.

Kiweke katikati ya pweza, ndani ya mfuko, kisiguse barafu. Hili lina maana kubwa katika kusoma matokeo. Barafu inapoyeyuka joto lake linabaki nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Kila kilo inameza kilojouli 334 kabla ya kuwa maji matupu. Kirekodi kikigusa barafu kitakuonyesha sifuri, sifuri, sifuri, hata pweza wa juu wakiwa wameanza kupata joto. Kikiwa katikati ya pweza utaona mstari umetulia karibu na sifuri kwa saa nyingi, halafu unaanza kupanda. Saa ulipoanza kupanda ndiyo saa barafu ilipokwisha. Ukilinganisha na mahali gari lilipokuwa saa hiyo, una jibu la nani. Na mara nyingi jibu litakuwa kwamba hakuna aliyekosea njiani: barafu ilikuwa kidogo tangu Kigombe.

Kama wanunuzi wako wa Dar wanapeleka Ulaya, namba ya deli ina kazi ya pili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1005 ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika 2010, inadai cheti cha uvuvi kinachoonyesha samaki walivuliwa wapi na nani. Andika ufukwe na tarehe dhidi ya namba ile ya QR tangu asubuhi ya kupokea, kazi ya makaratasi itakuwa nyepesi.

Kujichaji kuna mahali pake kwenye biashara yako, nako ni juu ya paa la gari. Jua la mchana linaleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha seli cha sentimita 10 kwa 10 kinatoa wati moja na nusu au zaidi. Hiyo si mikrowati tena. Hapo kifaa chenye GPS, laini ya simu na betri inayochajiwa kinaishi vizuri njia nzima ya kilomita kama 350 hadi Dar, na kinaweza kupokea jumbe za Bluetooth kutoka virekodi vilivyoko nyuma, mradi antena yake ya kupokelea iwe ndani ya bodi la gari. Bodi la bati lililofungwa halitoi Bluetooth nje.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji alete vifaa viwili au vitatu. Kimoja kifungwe ndani ya deli lenye barafu na pweza halisi, gari lisimame kwa muda wa saa kumi na mbili bila kutembea, halafu muangalie pamoja kama kimeandika saa zote. Kwa upande wa visomaji vya UHF, hakikisha ni vya masafa ya 865 hadi 868, siyo vya Marekani vya 902 hadi 928, kwa sababu hayo ya pili yanaingia kwenye masafa ambayo mitandao yetu ya simu inayatumia. Tagi zenyewe kwa kawaida zinafanya kazi pande zote mbili. Idhini ya kisomaji iulizie TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla hakijatoka kwa msambazaji, na sharti hilo liandikwe kwenye hati ya mauziano.